Utunze Kama Chai Yako

Fort Ternan
2 Juni 2024

Baba Kipchirchir,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe na Tecla, na yule ng'ombe wenu anayejua kufungua lango. Mimi niko salama hapa kwa binti yangu Wanjiru, ila joto la huku limenifanya nigawe sweta zote nilizokuja nazo.

Utashangaa kuona barua na simu ninayo. Nilikupigia Jumanne ukiwa kwa foleni ya kupima majani ya chai. Kwa sababu ya masikio yako uliweka simu kwa spika, na nilipomaliza kukueleza shida zangu nikasikia watu wengi wakiniambia pole, wengine hata siwajui. Karani wa mizani akanishauri kuhusu goti langu. Kwa hivyo kuanzia leo tutaandikiana, na Noah wa lori la chakula cha ng'ombe atakuwa akibeba. Noah hafungui barua za watu, anauliza tu zinasema nini.

Jambo lenyewe ni hili. Mageto anataka kununua ploti yangu hapo kando yako. Ataweka nyama choma, baa, na mahali pa kuosha magari. Wanjiru ananiambia niuze, maana nyumba inavuja na mimi ni mjane. Mageto anataka jibu mwaka huu, na mimi kusema kweli moyo umekataa kusimama upande mmoja.

Unaujua ule mlukwati nyuma ya jikoni. Marehemu Zacheus aliupanda kwa mbegu aliyoitema mwenyewe, siku tulipokaa pale kwa ngazi ya mlango tukila malukwati ya soko, yale ya njano yaliyoiva vizuri. Akasema utazaa. Miaka kumi haukuzaa hata tunda moja, na kila mwaka nilimcheka. Nilimwambia hata kiatu kingekuwa kimechipuka. Yeye alikuwa anajibu, "Ngoja tu, mama." Sasa amezikwa kwao Nyeri, na hapo Boito hakuna kitu chake kilichobaki isipokuwa huo mti.

Nimeamua hivi, na usinicheke. Mti ukizaa mwaka huu, nitarudi, nitaezeka nyumba, na Mageto atachomea nyama yake kwingine. Usipozaa, nitauza.

Nakuomba wewe uuchunge, kwa sababu mwaka ule wa fujo za uchaguzi, wewe uliificha cherehani yangu katikati ya chai yako wiki tatu, ikarudi hata sindano haijapotea. Mimi mambo ya shamba siyajui, nilikuwa mtu wa duka na nguo. Utunze tu kama chai yako.

Jirani yako,
Wamuyu


Boito
17 Juni 2024

Mama Wanjiru,

Chamgei. Barua yako ilifika. Niliisoma peke yangu ndani ya chai, mbali na watu, kisha nikamsomea Tecla kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Habari ya Mageto imenisumbua. Mimi ni mzee wa kanisa, na baa ikikaa hapo nitahubiri nikishindana na muziki. Lakini si hilo tu, na nitasema wazi. Tangu uende, mke wangu hana mtu wa kuongea naye. Zamani alikuwa anavuka ua saa nne na kurudi saa saba, maneno yote yamekwisha. Sasa ananiongelesha mimi. Tumeoana miaka mingi na sikujua ana maneno kiasi hiki. Tafadhali rudi.

Kuhusu mti, furahi. Nilienda kuuangalia siku ile ile na nikakuta hali yake si nzuri. Ncha zote zilikuwa zimeingiwa na ugonjwa, ambao sitakueleza usije ukakosa usingizi. Mtu mwingine angeogopa, lakini mimi nimezaliwa ndani ya chai, na huu ndio mwezi wetu wa kupruni. Nilinoa panga, nikaweka ngazi, nikafanya vile ulivyosema. Ugonjwa wote nimeuchoma nyuma ya choo. Samadi nimeweka pia, toroli mbili.

Mti sasa umenyooka. Ukiweka sinia ya vikombe juu yake, chai haimwagiki. Karani wa mizani alikuja kuutazama, akauzunguka mara tatu akiupima kwa macho.

Wako katika Bwana,
Gibson


Fort Ternan
30 Juni 2024

Baba Kipchirchir,

Asante. Nimesoma barua yako mara mbili na nimelala vizuri. Hilo la sinia sikulielewa, nimelichukua kama mfano wa mahubiri.

Hapa nyuma ya nyumba ya Wanjiru kuna milukwati miwili ya mwenye nyumba, na huyo mzee anaijua kama watoto wake. Nimemuuliza mambo yote. Anasema wakati kama huu, huko kwenu kwa baridi, mlukwati hutoa maua. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu maua yake si ya kupendeza. Yanatoka kwenye ncha za matawi, yana manyoya ya kahawia kama kitu kilichoungua. Anasema mtu asiyejua anaweza kufikiri ni ugonjwa, na mjinga anaweza hata kuyakata. Nilimwambia aache wasiwasi, jirani yangu si mjinga.

Kwa hivyo ukiona manyoya ya kahawia, usiguse. Hayo ndiyo malukwati yangu.

Nimekutumia pia vifuko arobaini. Matunda yakishaanza, ndege hawangoji kukaribishwa. Kila kishada kivalishwe kifuko na kufungwa na kamba yake. Nimevishona kwa mashati ya Zacheus. Nilikuwa nimeyaweka sandukuni nikijiuliza nitayafanyia nini, na nilipoyakata nililia kidogo, halafu cherehani ikashika mwendo nikasahau kulia. Lile la bluu la harusi ya Wanjiru limetoa vifuko tisa.

Wamuyu


Boito
4 Julai 2024

Mama Wanjiru,

Vifuko vimefika. Vimeshonwa vizuri.

Hayo manyoya ya kahawia niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Siwezi kuyasahau.

Nina swali, lakini si langu. Kuna mtu fulani, si wa hapa, ni wa upande wa Sosiot, ambaye alikata mti wake wa aina hiyo wakati usiofaa. Hakuwa na nia mbaya. Anauliza kama mti unaweza bado kuzaa mwaka huo huo. Ana wasiwasi na chakula hakimpiti. Tafadhali muulize huyo mzee, na umuulize kwa upole.

Tecla anakusalimu. Anacheka tangu jana na hataki kuniambia sababu.

Gibson


Fort Ternan
18 Agosti 2024

Baba Kipchirchir,

Nimekawia kujibu kwa sababu lori la Noah lilikuwa gereji.

Yule mtu wa Sosiot mpe pole. Mzee anasema mlukwati huzaa kwenye ncha peke yake, na aliyezikata amekata matunda ya mwaka mzima. Hakuna dawa. Lakini mti haufi, utachipuka, na mwaka ujao utachanua kama kawaida. Mwambie pia kama mti ni wake, ni hasara yake anyamaze nayo. Kama ni wa mtu mwingine, aende akaseme. Mficha uchi hazai.

Sasa nikuambie kilichonifurahisha. Noah amefika leo asubuhi na kusema amepita hapo kwangu na kuona mti umejaa vifuko, vyote vimenona. Amesema pia mti unaonekana mfupi kuliko zamani, lakini Noah huangalia dunia kutoka juu ya lori na kila kitu kwake ni kifupi. Baba Kipchirchir, nililia mbele ya Noah hadi akanipa kitambaa cha kufutia kioo. Miaka kumi nikimcheka mtu, na alikuwa anasema kweli.

Nimemwambia Mageto angoje. Wanjiru haamini. Anasema ataamini akiona tunda mkononi, maana yeye na baba yake walikuwa hivyo, mmoja anaahidi na mwingine anadai aone.

Huku malukwati yameiva tayari kwa sababu ya joto. Mimi ndiye ninayeyavuna. Nayakata moja moja kwa mkasi, nikiacha kikonyo kifupi, vile Zacheus alikuwa anataka, kisha nayafunga kwa jani la mgomba na uzi wa bluu uliobaki kwa lile shati. Kila Jumatano mama mmoja anaitwa Nyambeki anayachukua na kwenda kuyauza masoko ya mbali. Nikiyafunga nafikiria yetu.

Wamuyu


Boito
9 Septemba 2024

Mama Wanjiru,

Shangwe na vigelegele. Pamoja na barua hii Noah anakuletea furushi. Fungua wewe na Wanjiru mkiwa mmeketi.

Ndiyo hayo. Nimeyachuma asubuhi hii yakiwa na umande. Ni ya mti wa Zacheus kabisa, na ni matamu, nimeonja moja tu ili kuhakikisha. Mengine yamebaki mtini ndani ya vifuko na hayataki kusumbuliwa. Usihangaike kuja kuyaona. Barabara imeharibika, mvua ya mawe inanyesha kila alasiri, na goti lako halipendi milima. Mwambie tu Mageto neno la mwisho, upesi, kabla hajaleta mtu wa kupima ploti.

Nilimwomba Tecla aandike salamu hapa chini lakini amesema hataki jina lake lionekane kwa barua hii. Nafikiri ni uchovu.

Wako katika Bwana,
Gibson


Fort Ternan
14 Septemba 2024

Baba Kipchirchir,

Furushi nimelipata. Tuliketi kama ulivyosema.

Ni matamu, na utamu wake naujua vizuri. Kila moja limekatwa kwa mkasi na kuachwa kikonyo kifupi. Jani la mgomba limefungwa kwa uzi wa bluu wa shati la Zacheus, mafundo mawili na kitanzi, ambayo niliyafunga mwenyewe Jumatano ya wiki iliyopita. Maskini malukwati yamesafiri kuliko mimi. Yalitoka mkononi mwangu yakaenda kwa Nyambeki, Nyambeki akayapeleka soko ambalo sasa nafikiri ni Sosiot, wewe ukayanunua ukayapeleka Boito, na Noah akayarudisha kwangu. Hata hukufungua jani.

Ningecheka, na kesho kutwa pengine nitacheka. Lakini nilikuwa nimemwita Wanjiru kutoka kazini aje aone tunda la baba yake. Alilishika mkononi. Akalia, yeye ambaye hakulia hata kaburini. Kisha nikaona uzi. Hapo ndipo umeniumiza, jirani, na sitakuficha.

Ninakuja Jumamosi ijayo. Mageto naye nimemwambia afike siku hiyo hiyo na karatasi zake. Usifungue kifuko hata kimoja kabla sijafika.

Wamuyu


Boito
17 Septemba 2024

Mama Wanjiru,

Mtu wa Sosiot ni mimi. Labda ulishajua.

Niliona manyoya nikadhani ni ugonjwa, nikaukata mti juu ukawa meza, kama chai. Ulisema niutunze kama chai yangu, na hivyo ndivyo ninavyotunza chai. Kosa hilo nitaliombea msamaha mara moja. Yaliyofuata ni mengine. Vifuko nilivifunga ili ukiuliza watu waseme vipo. Vilikuwa vimelegea kama soksi, kwa hivyo nikavijaza magunzi ya mahindi. Furushi nalo nililinunua Sosiot siku ya kuchuma chai, na chai yangu ikalala shambani.

Sikujua kuhusu Wanjiru. Nimekaa na hiyo sehemu ya barua yako tangu Noah ailete.

Nilifanya hivyo kwa sababu sitaki uende. Mwaka ule wa fujo, wewe na Zacheus mliporudi mkakuta nyumba haina milango, mlikunywa chai kwetu kabla ya kuingia kwenu. Nimekuwa nikijua tangu siku hiyo kwamba ninyi ni watu wangu, na sikuwahi kusema kwa sababu huwa hatusemi. Kama lazima kitu kiuzwe Jumamosi, niuze mimi. Mti hauna hatia.

Gibson

Mama Wanjiru, ni mimi Tecla. Nilijua tangu siku ya sinia. Uzi wa bluu pia niliuona, na nikamwacha alitume hivyo hivyo ili ujue. Ningekuambia mapema, lakini nilitaka urudi kuliko nilivyotaka ukweli. Njoo. Nimekuwekea maziwa ya mursik, na maneno ya miezi minne.


Boito
22 Septemba 2024

Bwana Mageto,

Jana ulifika kwangu na karatasi zako na wakili wako, mkatukuta watu wazima watatu tumekaa chini ya mti uliokatwa kama meza, tumezungukwa na magunzi, mmoja analia, mmoja anacheka, na mzee wa kanisa amepiga magoti. Wakili wako aliuliza kama kuna msiba. Hukupata jibu na ukaondoka, na sikulaumu. Ninakuandikia ili uelewe.

Huyo mzee ni jirani yangu Gibson. Alikuwa amening'iniza vifuko arobaini kwenye mti wangu ili nidhani umezaa. Nilikuja kumtia aibu. Nilimwambia avifungue kimoja kimoja mbele yangu na mbele ya mkewe Tecla, na katika kila kifuko atoe gunzi na kuliweka miguuni pangu. Alifanya hivyo bila kujitetea. Gunzi, gunzi, gunzi. Tecla alianza kucheka kabla hajafika nusu. Mimi nilikuwa nimeapa sitacheka, na nikashindwa alipotoa gunzi lililokuwa limebaki na punje, nazo zimeota.

Kifuko cha mwisho kilikuwa chini kabisa, upande wa ukuta. Kilikuwa cha shati la bluu ambalo marehemu mume wangu alivaa kwa harusi ya binti yetu. Gibson alisema hicho hakikujazwa kitu, kwa sababu magunzi yalimwishia, na alikifunga tu jioni, giza likiingia, kwenye kipande kibovu kilichobaki pale alipokuwa ameegemeza ngazi, mahali ambapo panga halikufika. Alifungua kamba. Akaingiza mkono. Akautoa upesi, akaniangalia, akauingiza tena.

Yalikuwa malukwati matano. Madogo, na moja lina doa, lakini yameiva. Kile alichodhani ni kipande kibovu kilikuwa kishada cha maua. Mzee mmoja wa Fort Ternan amenieleza kwa simu kwamba kishada kimoja peke yake mtini kingeliwa chote na ndege, kama hakingevalishwa kifuko. Kwa hivyo uongo wa jirani yangu ndio uliolinda tunda la mume wangu. Sijui mchungaji atasema nini juu ya hilo, na sitamuuliza.

Hapo ndipo ulipoingia.

Tulikula matatu. Bwana Mageto, yalikuwa machachu hadi sikio likaniuma. Miaka kumi na mmoja ya kungoja, kwa kitu kichachu namna hiyo. Nilikaa pale kwa ngazi ya mlango nikamcheka Zacheus kwa mara nyingine, kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike nilihisi amekaa kando yangu akisubiri nimalize. La nne ni la Wanjiru, nitampelekea mwenyewe, kwa mkono. La tano ni lako. Umelipata ndani ya bahasha hii, samahani kama limepondeka.

Ploti siuzi. Mafundi wa mabati wanakuja mwezi ujao. Ukitaka kunishawishi zaidi usipige simu kwa Gibson, kwa sababu ana spika.

Wamuyu


Fort Ternan
29 Septemba 2024

Baba Kipchirchir,

Wanjiru amelila tunda lote, na ngozi yake. Aliangalia kikonyo kwanza. Amesema ni chachu, kisha akaniuliza nitahitaji nani wa kunisaidia kuhamisha vyombo.

Nimekusamehe. Nilikuwa nimekusamehe tangu gunzi lililoota, lakini nilitaka ukae na hofu kidogo. Nitarudi na Noah wiki ya pili ya Oktoba, cherehani ikiwa mbele pamoja naye na mimi nikikaa popote nitakapoenea. Yale machipukizi mapya ya mti yaache yaende juu yanakotaka. Panga mpe Tecla alifungie.

Mbegu za yale matatu tuliyokula nimezitia kwa mkebe wa mafuta uliotobolewa, uko kwa dirisha la jikoni lenu. Tecla atanyunyizia maji. Zikiota, moja itapandwa kwenu, upande wa ua, ili matawi yake yaje kwangu na ya wangu yaende kwenu.

Wewe nakuomba jambo moja tu kuhusu hizo mbegu. Usizitunze.

Jirani yako,
Wamuyu